Bomba la moshi la jiko la peleti kupitia ukutani: litokee wapi, na liwe la aina gani?

Baba Furaha, Lewiston (Maine)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi na mke wangu tumejaliwa kununua nyumba ndogo ya mbao hapa Lewiston, na kama zilivyo nyumba nyingi za jimbo hili, inapashwa joto kwa mafuta, ambayo bei yake hatuimudu kila mwezi wa baridi. Kwa sababu hiyo nimenunua jiko la peleti lililokwisha kutumika kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, na sasa limekaa sebuleni likisubiri bomba la moshi. Kwa wasiolijua, ni jiko linalochoma vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vinavyouzwa katika mifuko ya pauni 40. Skrubu inayozungushwa na mota huviingiza motoni vichache vichache, na feni huendesha hewa na moshi, kwa hiyo haliwaki bila umeme.

Nyumba haina dohani ya kulitosha jiko hili peke yake. Ipo dohani ya zamani ya matofali, lakini ndiyo inayotumiwa na boila ya mafuta iliyo chini ya nyumba. Nimefikiri kutoboa ukuta wa sebule nyuma ya jiko, bomba litoke moja kwa moja hadi nje. Tundu la moshi la jiko lina kipenyo cha inchi 3 na liko karibu futi moja kutoka sakafuni. Ukuta huo unatazama kaskazini-magharibi, umefunikwa kwa plastiki ya vinaili upande wa nje, na dirisha la sebule liko kama futi 2 kando ya mahali ninapotaka kutoboa. Juu yake, ghorofani, kuna dirisha la chumba wanacholala watoto.

Shemeji yangu ananishauri ninunue bomba la alumini linalotumika kwenye mashine ya kukaushia nguo, kwa sababu ni rahisi na linapatikana kila duka, kisha nilizungushie utepe wa bati kwenye maungio. Anasema moshi wa jiko hili hauna ukali kama wa kuni. Mimi moyo wangu unasita. Ninaomba anayejua kazi hii anieleze mambo matatu: bomba liwe la aina gani, litoke nje mahali gani, na ukuta wa mbao unalindwaje usishike moto. Kitabu cha maelekezo sikupewa.

Fundi wa Mwambao, Portland (Maine)

Ndugu Baba Furaha, pongezi kwa nyumba, na moyo wako umesita mahali panapostahili. Nimefanya kazi ya kufunga majiko na boila katika jimbo hili kwa miaka mingi, na ninakuomba usiliweke kabisa bomba la mashine ya kukaushia nguo kwenye jiko hilo, hata kwa usiku mmoja wa kujaribu.

Nianze na namna jiko linavyotoa moshi, maana ukilielewa hili, masharti yote mengine utayaelewa bila kukariri. Jiko la kuni la kawaida hutegemea mvuto wa dohani ndefu yenye joto: moshi hupanda wenyewe, na shinikizo ndani ya dohani huwa chini kuliko lile la chumbani. Ikitokea ufa mdogo kwenye bomba, kwa kawaida hewa ya chumbani ndiyo inayovutwa kuingia ndani ya bomba. Jiko la peleti ni kinyume chake. Feni yake husukuma moshi kwenda nje, kwa hiyo bomba zima liko chini ya shinikizo, na kila tundu, hata lililo dogo kama ncha ya sindano, linatema moshi na kaboni monoksidi ndani ya nyumba unamolala. Utepe wa bati wa kawaida hulegea kwa joto. Bomba jepesi la alumini halikutengenezwa kwa joto wala kwa majivu ya moto ulio hai. Bomba la alumini la hita za gesi, lile ambalo mafundi huliita aina ya B, nalo halifai, ingawa kwa macho linafanana sana na linalotakiwa. Na bomba la plastiki halifai hata kutajwa.

Linalotakiwa ni bomba maalumu la peleti, lenye kuta mbili: ukuta wa ndani ni wa chuma kisichoshika kutu, wa nje ni wa bati lililopakwa zinki, na kati yake pana nafasi ya hewa. Kwenye lebo yake utaona herufi PL au L, pamoja na namba ya kiwango cha UL 641. Usinunue bomba lisilo na lebo hiyo, na usichanganye vipande vya watengenezaji wawili tofauti, kwa kuwa maungio yao hayakukusudiwa kufungana. Kila ungio lifungwe kama mtengenezaji alivyoagiza. Aina nyingine zina pete ya mpira ndani na hujifunga zikizungushwa. Nyingine zinahitaji silikoni ya kustahimili joto la nyuzi 500 za Farenhaiti, yaani takriban 260 za Selisiasi, pamoja na skrubu 3. Pale bomba linapoungana na jiko lenyewe, weka silikoni daima, maana hapo ndipo ninapokuta uvujaji mara nyingi zaidi kuliko pengine popote.

Kuhusu ukuta: usipitishe bomba kwenye tundu lililobana mbao. Kuna kifaa cha bati kiitwacho kikasha cha ukutani, ambacho hukaa ndani ya unene wa ukuta na kulishika bomba katikati, mbali na kila kinachoweza kuungua. Mabomba mengi ya peleti yanadai inchi 3 za nafasi kutoka kwenye mbao, na mengine mapya yameidhinishwa kwa inchi 1. Soma lebo ya bomba utakalonunua, usibahatishe. Bomba la inchi 3 kwa ndani lina karibu inchi 4 kwa nje, kwa hiyo ukiongeza inchi 3 kila upande, tundu la ukutani linafikia takriban inchi 10. Nguzo za mbao ndani ya ukuta kwa kawaida ziko inchi 16 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, kwa hiyo tafuta nafasi iliyo kati ya nguzo mbili, uhakikishe hakuna nyaya za umeme, kisha ndipo usogeze jiko lifuate tundu, wala si tundu lifuate jiko. Nafasi iliyo ndani ya kikasha usiijaze sufi ya kuzuia baridi, hata kama utaona upepo unapita; nafasi hiyo ndiyo ulinzi wenyewe. Vinaili ya nje ikatwe irudi nyuma, isigusane na bomba wala na bati la kikasha, kwa sababu huyeyuka na kujikunja mapema sana kabla mbao haijapata joto la kutisha. Bati la nje lizungushiwe silikoni ili mvua isiingie ukutani, maana maji nayo huozesha nyumba kimyakimya.

Sasa kuhusu mahali pa kutokea, ambapo kwa maelezo yako pana tatizo. Vipimo vinavyorudiwa katika vitabu vya majiko mengi, na vinavyopatana na NFPA 211, yaani kanuni za usalama wa dohani na mabomba ya moshi tunazozifuata hapa Maine, ni hivi: mdomo wa bomba uwe angalau futi 4 chini au kando ya dirisha au mlango wowote unaofunguka, au futi 1 juu yake; ukiwapo mdomo wa feni inayoingiza hewa ndani ya nyumba karibu, yaani ndani ya futi 10, mdomo wa moshi uwe angalau futi 3 juu yake; na penye njia ya watu wote, uwe angalau futi 7 kwenda juu. Usitokee chini ya baraza, ndani ya gereji iliyo wazi, wala kwenye kona iliyozungukwa na kuta tatu ambamo moshi utajikusanya. Futi zako 2 kutoka dirishani hazitoshi. Na bomba linalotoka futi moja juu ya sakafu, katika nyumba iliyo karibu na ardhi, litazikwa na theluji ya kwanza nzito. Theluji ikiuziba mdomo huo, moshi hauna pa kwenda ila kurudi sebuleni.

Kitabu cha jiko lako ndicho hakimu wa mwisho. Tazama ndani ya kifuniko cha sanduku la peleti au nyuma ya jiko, utaona bati dogo lenye jina la mtengenezaji, aina na namba ya jiko. Kwa namba hiyo utakipata kitabu kwa mtengenezaji, na pale kitabu kinapotaja kipimo kikali kuliko nilichoandika hapa, fuata kitabu.

Mama Riziki, Concord (New Hampshire)

Fundi ameeleza vizuri, Mungu ambariki. Mimi ninaongeza jambo moja ambalo wengi wetu tuliotoka kwenye nyumba zenye madirisha wazi na upepo wa kutosha hatulizoei, nalo ni kwamba nyumba za huku zimefungwa barabara, na jiko linahitaji hewa ya kupumua.

Sisi tunaishi katika nyumba ya kiwandani, ile inayoletwa kwa lori ikiwa imekwisha jengwa. Kwa nyumba za namna hiyo, kanuni za serikali ya Marekani zinataka jiko livute hewa yake ya kuchomea kutoka nje kwa bomba lake lenyewe, na lifungwe kwenye sakafu lisisogee. Katika nyumba ya kawaida kama yako, Baba Furaha, mara nyingi si lazima, lakini ninakushauri ulitafakari kwa uzito. Ukiwasha feni ya jikoni, feni ya bafuni na mashine ya kukaushia nguo kwa wakati mmoja, zote zinatoa hewa nje. Nyumba iliyozibwa vizuri hubaki na upungufu wa hewa, na jiko hukosa pumzi. Moto unakuwa wa rangi ya machungwa na mvivu, kioo kinakuwa cheusi, na ukifungua mlango wa jiko, moshi unakurukia usoni.

Bomba la hewa ya nje kwa kawaida lina kipenyo cha inchi 2 na ni lazima liwe la chuma. Nimeona watu wakiweka bomba la plastiki kwa sababu linaingiza hewa baridi tu. Lakini umeme ukikatika, moto unaweza kurudi nyuma kupitia njia hiyo, na plastiki ikaungua ndani ya ukuta. Mdomo wake wa nje uwekewe wavu wa kuzuia panya, na uwe mbali na mdomo wa moshi ili jiko lisivute uchafu wake lenyewe. Usiuchukue upepo kutoka darini, wala kutoka kwenye gereji kunakolala gari.

Na kwa wanaosoma wakiwa wapangaji kwenye zile nyumba za ghorofa tatu za mbao: msitoboe ukuta wa mtu bila ruhusa yake ya maandishi. Bima huenda isilipe chochote, na chini na juu yenu wanalala watoto wa wengine.

Baba Furaha, Lewiston (Maine)

Fundi, Mama Riziki, ninawashukuru kutoka moyoni. Namba ya jiko nimeiona, na kitabu nimekipata kwa mtengenezaji. Vipimo vya dirisha ni vile vile alivyotaja Fundi. Kinasema pia kwamba bomba la inchi 3 litumike ikiwa "urefu linganifu" haupiti futi 15, na zaidi ya hapo liwe la inchi 4, lakini namna ya kuuhesabu urefu huo sikuielewa sawasawa.

Nimeshuka chini kupima upya. Nikilisogeza jiko kuelekea kona, ninaweza kupata futi 5 kutoka dirisha la sebule, na hapo dirisha la watoto halitakuwa juu yake tena. Lakini bado ninabaki na tatizo la theluji. Je, haiwezekani niliingize bomba kwenye dohani ya matofali pamoja na la boila, liishie juu ya paa? Tena, umeme ukikatika usiku, nini kinatokea? Majirani wanasimulia dhoruba ya barafu ya Januari 1998, ambapo kuna waliokaa gizani zaidi ya wiki mbili, na mwezi Desemba 2023 upepo ulikata umeme kwa zaidi ya wateja 400,000 wa jimbo hili. Hilo linanitia hofu kuliko tundu la ukutani.

Fundi wa Mwambao, Portland (Maine)

Ndugu yangu, dohani hiyo iache ibaki ya boila peke yake. Feni ya jiko lako ikisukuma moshi ndani ya njia moja na boila, moshi huo utateremka kupitia boila hadi chini ya nyumba, na boila nayo itashindwa kutoa wa kwake. Jiko la peleti lina njia yake lenyewe, halishirikiani na kifaa kingine chochote. Kama dohani ingekuwa tupu, ungeshusha ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu hadi juu, na jambo lingekwisha. Lakini si tupu.

Swali lako la umeme na swali lako la theluji yana jibu moja, na ninafurahi umeyauliza pamoja. Usitoke na bomba moja kwa moja kwa mlalo. Panda kwanza, kisha utoke. Nyuma ya jiko weka tii, yaani ungio lenye umbo la herufi T, yenye kifuniko cha kusafishia chini yake, inua bomba wima ndani ya sebule kwa futi 5, weka kiwiko cha nyuzi 90, ndipo upite ukutani. Umeme ukikatika, feni husimama papo hapo, lakini peleti zilizomo kwenye kikombe cha moto bado zinafuka moshi. Bomba lililo mlalo tupu halina mvuto, kwa hiyo moshi huo hutoka popote pale kwenye upenyo, hasa kupitia sanduku la peleti na njia ya hewa, ukajaa chumbani. Bomba lenye mwinuko lina mvuto wake wa asili kwa sababu ya joto lililobaki ndani yake, nalo huendelea kuuvuta moshi nje hadi moto uzime. Watengenezaji wengi wanapendekeza mwinuko wa futi 3 hadi 5 kwa sababu hiyo hasa. Kuna wanaopenda kuupandisha nje ya ukuta ili kuokoa nafasi ya sebule. Inaruhusiwa, ila bomba la nje hupoa haraka, na mvuto unaoutegemea wakati wa giza hupungua. Wewe una nafasi ndani, upandishe ndani, na uache kati ya bomba na ukuta nafasi ile ile inayotajwa kwenye lebo.

Urefu linganifu ni hesabu ya ukinzani ambao moshi unaupata, wala si urefu unaoupima kwa futi kamba. Katika vitabu vingi hesabu ni hii: kila futi ya mlalo ni futi 1, kila futi ya wima ni nusu futi, kiwiko cha nyuzi 45 ni futi 3, na kiwiko cha nyuzi 90 au tii ni futi 5. Kwa mpango niliokueleza, tii ni 5, wima futi 5 ni 2.5, kiwiko ni 5, na mlalo wa futi 2 kupita ukutani ni 2. Jumla ni 14.5. Uko chini ya 15, lakini kwa nywele moja tu. Mimi ningetumia bomba la inchi 4 kuanzia kwenye tii, kwa sababu majivu yataanza kujilundika na kuipunguza njia hiyo wiki baada ya wiki, na tofauti ya bei ni ndogo. Kumbuka tu kwamba bomba pana linahitaji kikasha kipana zaidi na tundu kubwa zaidi la ukutani, kwa hiyo amua kabla hujashika msumeno. Ndugu zetu walio Colorado na kwingine kwenye miinuko mikubwa, wao wasifikirie mara mbili. Vitabu vingi vinadai inchi 4 kuanzia urefu wa futi 2,500 au 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi.

Kwa mwinuko huo mdomo wako utatokea nje kwenye zaidi ya futi 6 kutoka sakafu ya sebule, juu ya theluji ya kawaida ya hapa. Uache utoke angalau inchi 12 kutoka ukutani, la sivyo masizi yatachora ukuta wako mweupe na upepo utaurudisha moshi kwenye paa la baraza. Kipande cha mlalo kiinuke kidogo kuelekea nje kama kitabu kinavyoagiza. Pima kwa pimamaji, usipime kwa jicho. Kaskazini-magharibi ndiko unakotoka upepo mwingi wa baridi hapa, kwa hiyo usiweke mdomo ulio wazi kuukabili upepo. Weka kofia inayotazama chini au ile yenye bati la kuukata upepo. Ungekuwa na ukuta mwingine ulio huru upande wa kusini au mashariki, ningekuomba utumie huo.

Zaidi ya bomba, nunua betri ya akiba kama zile zinazowekewa kompyuta, yenye kutoa mkondo laini, maana bodi za umeme za majiko haya hazipendi mkondo uliokatwakatwa. Haitakupa joto la usiku kucha, itakupa muda wa kulizima jiko kwa utaratibu huku feni ikiendelea kuzunguka. Na mwenye jenereta ailaze nje, mbali na madirisha, asiiingize hata kwenye gereji.

Kabla ya yote hayo, nenda ofisi ya ukaguzi wa majengo ya mji wako uombe kibali, kisha umwarifu wakala wako wa bima kwa maandishi. Kama utamwita mtu wa kukufungia, mwombe leseni ya majiko ya kuni na peleti inayotolewa na Maine Fuel Board, bodi ya jimbo inayowapa mafundi leseni. Usikubali maneno ya kwamba yeye amekwisha kufunga mengi.

Muuguzi wa Zamu, Portland (Maine)

Ninaomba niongeze upande wa afya, kwa sababu katika jamii yetu hili limetuumiza tangu nyumbani. Wengi wetu tunajua familia, iwe Bukavu, Arusha au Limuru, iliyoingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi na isiamke. Ni hewa ile ile. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na hushikana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo, kwa hiyo kiasi kidogo kinachovuja polepole kinatosha kumnyima mtu pumzi akiwa anaendelea kuvuta hewa. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Jiko la peleti linaweza kuvuja hewa hiyo bila moshi unaoonekana.

Weka king'ora cha kaboni monoksidi kila ghorofa na karibu na kila chumba cha kulala, kiwe cha umeme chenye betri ya akiba, kwa sababu hatari kubwa inakuja umeme ukikatika. Hapa Maine anayenunua nyumba ya familia moja anatakiwa kisheria awe navyo, kwa hiyo Baba Furaha huenda umevikuta ukutani. Tazama tarehe ya mwisho iliyochapwa nyuma, maana ving'ora huzeeka hata kama taa yake bado inawaka. King'ora cha moshi hakifanyi kazi ya kile.

Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watu huzichukulia kuwa ni mafua. Mafua huleta homa na huanza kwa mmoja. Sumu hii haileti homa, huwashika wote waliomo nyumbani kwa pamoja, na mtu hupata nafuu akitoka nje kisha akaugua tena akirudi. Mkiona hivyo, tokeni nje nyote mara moja hata kama kuna theluji, ndipo mpige 911. Msibaki kufungua madirisha wala kutafuta jiko limeharibika wapi. Wajawazito na watoto wachanga wapelekwe hospitalini hata kama wanasema wamepata nafuu.

Mzee wa Burlington, Vermont

Nimesoma yote kwa makini, na sijaona la kupinga. Nina ushauri wa matunzo, kwa sababu bomba lililofungwa vizuri mwezi Oktoba linaweza kuwa hatari mwezi Februari.

Majivu ya peleti ni mepesi kama unga, na feni huyabeba hadi kwenye bomba, yakatua penye kona na penye mlalo. Tii uliyoshauriwa na Fundi ndiyo sahani ya kuyapokea. Ifungue kifuniko chake, uikung'ute kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, na ndoo uiweke nje juu ya kitu kisichoungua, maana makaa madogo hukaa hai ndani ya majivu kwa siku kadhaa. Katika msimu wa kwanza fungua na kutazama mara kwa mara, hasa ukimaliza tani ya kwanza, yaani mifuko 50, hadi ujue jiko lako na aina ya peleti unazonunua zinaacha majivu kiasi gani. Kipande cha mlalo na kofia ya nje visafishwe kwa brashi ya kipenyo kile kile cha bomba. Kofia ikiwa na wavu, huo ndio huziba kwanza. Kila baada ya theluji kubwa, toka nje uutazame mdomo kwa macho yako, na uchimbe theluji iliyosogezwa na upepo dhidi ya ukuta.

Jaribu pia lakiri ya mlango wa jiko, yaani kamba inayoziba mwanya wake: fungia noti kwenye mlango, kisha uivute. Ikitoka bila kushikiliwa, kamba ya lakiri imechakaa, ibadilishe, kwa kuwa jiko lenye mlango unaovuja halipati hewa kwa mpangilio na hujaza bomba masizi kabla ya wakati wake.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, fanya hivyo mchana, madirisha yakiwa yamefunguliwa kidogo, maana rangi ya jiko na mafuta ya kiwandani kwenye bomba jipya hutoa harufu yakipata joto. Harufu hiyo itapungua ndani ya saa chache. Pitisha tochi na kiganja karibu na kila ungio kuanzia kwenye jiko hadi ukutani, bila kugusa. Ukiona uzi wa moshi au vumbi jeusi likijichora kwenye ungio, zima jiko, ngoja lipoe kabisa, na ulifunge upya ungio hilo kabla hujalala na moto ndani ya nyumba. Baada ya hapo, ukiona moto mrefu na mvivu, kioo kinachokuwa cheusi kwa siku moja, au peleti zinazojaa kwenye kikombe bila kuungua, usiongeze kasi ya peleti wala kuchezea vitufe. Anza kwa kutazama bomba.